Maji ya Rangi ya Chai

Walisema sitafika hata Tabora. Fundi baiskeli wa pale kwetu Kasansa alisema nikiona treni nitakimbilia porini na kurudi nyumbani kwa miguu. Mwalimu wangu wa darasa la nne alisema kichwa changu ni cha kuchunga mbuzi, na sisi wakati huo hatukuwa na mbuzi hata mmoja. Mjomba, kaka wa mama yangu, alisema mtoto aliyefiwa na baba anashika jembe, habari za kalamu awaachie wenye baba.

Niliwashinda wote. Nasema wazi, maana asiyejisifu kwa jasho lake atajisifu kwa nini? Mtu wa kwanza kutoka kijiji kile kwenda chuo cha kilimo na kurudi na stashahada ni mimi. Sikuwa na ndugu mwenye cheo. Kila likizo nililima tumbaku za watu, nikabeba magunia stesheni ya Mpanda mpaka shingo ikaota sugu. Wenzangu chuoni walikuwa na masanduku ya bati, mimi nilikuwa na mfuko wa unga, na bado niliwapita kwenye mtihani wa udongo.

Hata hivyo nauli ya kwanza haikutoka shingoni mwangu. Watu saba walinikopesha mpunga. Kwetu mpunga wa kukopa hupimwa kwa debe lililokatwa sawasawa juu kwa kiganja, na wa kulipa huachwa na kilima chake. Kile kilima ndiyo shukrani. Fundi baiskeli yuleyule aliyenicheka alitoa debe moja. "Nakukopesha ili ukirudi umeshindwa nikucheke vizuri," alisema. Katekista alitoa mawili. Aliyetoa zaidi ya wote alikuwa shangazi, dada wa marehemu baba. Alitoa manne, na akayapima bila kucheka wala kunihubiria.

Shangazi huyu alikuwa mjane, na ndiye aliyekuwa akitunza mbegu. Mpunga wake ulikuwa na punje ndefu zenye wekundu kidogo kwenye ganda. Alikuwa akichagua masuke kwa mkono, moja moja, kabla watu hawajaanza kuvuna, na kuyaning'iniza juu ya jiko yapate moshi. Karibu kila nyumba ilipanda mbegu iliyotoka darini kwake. Mtu akiunguliwa nyumba, au panya wakimmalizia mbegu, alikwenda kwake. Hakuwa mjumbe wa chochote, ila mwezi wa kumi na mbili, wakati wa kupanda, hakuna aliyepita mlangoni kwake bila kumsalimia kwa adabu.

Nilirudi katikati ya miaka ya sabini, miaka ile watu wengi walipokuwa wamehamia kwenye vijiji vipya. Nilishuka treni Mpanda, nikapanda lori lililokwenda kusini kupitia pori la wanyama, na nikafika nikiwa na viatu vya ngozi, baiskeli mpya, na kijisanduku cha vifaa. Ndani yake kulikuwa na karatasi za kupimia asidi. Nilikuwa mtaalamu wa kilimo wa kata, na watu wazima waliniamkia kwa kusimama. Nilipenda. Nisiseme uongo, nilipenda sana.

Majaruba yetu ya mpunga yalikuwa chini ya mteremko wa milima. Juu yake ulikuwepo msitu wa miombo. Kiangazi miti ile humwaga majani mpaka ardhi haionekani, na mtu akitembea anasikika kutoka mbali. Mvua za kwanza zikinyesha, maji hupita kwenye majani yale na kuteremka yakiwa na rangi ya chai iliyokolea, na povu pembeni. Watu wa kwetu walikuwa na desturi juu ya maji hayo. Waliyafungulia yaingie majarubani, wakaziba kingo, na hawakugusa chochote kwa siku kadhaa. Walisema maji yanalala. Baada ya hapo ndipo waliposhika majembe na kuvuruga tope.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda pale na karatasi zangu. Nilichovya moja kwenye maji yale mbele ya watu. Ilibadilika rangi, ikawa nyekundu.

"Mnaona?" nikasema. "Hii ni asidi. Nyie mnalaza asidi shambani halafu mnapanda mpunga juu yake."

"Tangu tuzaliwe tunailaza," fundi baiskeli akajibu. "Mbona haijatuamsha?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikawaeleza jinsi asidi za majani yaliyooza zinavyochoma mizizi ya miche. Hayo yalikuwa kitabuni, na kwenye mtihani nilikuwa nimeyaandika vizuri kuliko wote. Nilichosahau ni kwamba kitabu kile kilikuwa kikizungumzia mabwawa ya matope meusi ya nchi nyingine, mahali ambapo maji yamesimama miaka na miaka. Msitu wa miombo wala maji ya wiki moja hayakutajwa.

Nikaamuru mfereji. Watu walichimba siku tisa kukata mteremko, ili maji ya chai yote yapite pembeni na kumwagika mtoni. Majaruba yangepata maji safi ya mvua na ya mto. Mfereji ulikuwa umenyooka kama mstari wa daftari, na ninaposimulia hivi bado naona fahari kidogo, jinsi ulivyonyooka. Mwisho wake tulikuta mwamba, tukauacha hapo. Majaruba mawili ya katekista, yaliyokuwa ng'ambo ya mwamba, yakabaki yakipata maji ya zamani. Nikamwambia asijali, mwaka ujao nitamletea baruti. Akasema, "Usijisumbue, mtaalamu. Na mimi nina asidi zangu."

Shangazi alikuja siku ya mwisho ya kuchimba. Aliniita baba, kwa sababu nilirithi jina la baba yake.

"Baba, haya maji unayapeleka wapi?"

"Mtoni, shangazi."

"Na mto unapanda nini?"

Nilimwambia mambo haya ni ya kitaalamu. Nilimwambia mbele za watu, kwa sauti ile tuliyofundishwa kuzungumza na wakulima. Akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Mwezi wa pili mpunga ulianza kugeuka manjano. Mwanzoni nilisema ni jua. Mwezi wa tatu ulikuwa umedumaa, mtu anaona magoti ya mwenzake ng'ambo ya jaruba. Wakati wa kuvuna, watu walipepeta na upepo ukachukua karibu kila kitu. Yalikuwa mapepe, maganda bila punje. Nilisimama na kuona ungo wa mama mmoja ukibaki na punje za kujaza kiganja, naye ananitazama kana kwamba nina zilizobaki mfukoni.

Kabla ya mkutano, nilikwenda peke yangu ng'ambo ya mwamba. Mpunga wa katekista ulikuwa umeinama kwa uzito. Nilivunja suke moja nikalihesabu. Ganda lilikuwa na wekundu. Ilikuwa mbegu ya shangazi, ileile iliyopandwa na wote, na jua na mvua vilikuwa vilevile. Kitu kimoja tu kilitofautiana, na mimi ndiye niliyekinyoosha kama mstari wa daftari.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikuwa mjinga, nilielewa, au tuseme nilielewa vya kutosha. Lakini jioni ile mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kanisa, na mwenyekiti wa kijiji akasema, "Mtaalamu, watu wanataka kujua. Ni nini kimetupata?"

Nilisimama. Niliwaona wale saba walionikopesha, maana hawakukaa mbali. Niliwaona walionicheka, ambao wengine ni walewale. Nikafikiria fundi baiskeli akinicheka vizuri, kama alivyoahidi. Mdomo wangu ukasema:

"Ni mbegu. Mbegu ile imechoka. Imerudiwa mno bila kubadilishwa."

Halafu mmoja akasema kweli, hata yeye alikuwa ameona punje za mwaka juzi zimepungua unene. Mwingine akasema moshi wa jikoni labda unaipika. Dakika chache baadaye kila mtu alikuwa ameiona hitilafu ya mbegu tangu zamani, na mpunga wa katekista ukaitwa bahati yake tu. Shangazi alikuwa amekaa upande wa wanawake, miguu ameinyoosha. Alinitazama mara moja, kisha akaanza kutoa miiba ya majani kwenye pindo la kanga yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkutano ukaisha.

Baada ya hapo nilitaka kuthibitisha kwamba sikusema uongo. Ndivyo nilivyojiambia. Nilichukua makopo kumi na mawili ya maziwa ya unga, nikayajaza udongo wa majarubani, nikapanda ndani yake mbegu ya shangazi. Nilikwea mpaka msituni, nikakusanya majani makavu na ile mboji nyeusi iliyo chini yake, nikaloweka kwenye pipa mpaka maji yakawa na rangi ileile ya chai. Makopo sita niliyamwagia maji ya pipa. Sita niliyamwagia maji ya kisima.

Sikuhitaji kusubiri mavuno. Wiki ya tano yale ya kisima yalikuwa manjano. Yale ya chai yalikuwa kijani kibichi, majani mapana.

Nikarudi kwenye madaftari yangu, safari hii nikisoma kama mtu aliyeibiwa anavyotafuta. Yote yalikuwemo, ila yalikuwa kwenye sura ya misitu ambayo haikutoka kwenye mtihani. Mti unavuta chakula chini kabisa kwa mizizi, unakipeleka kwenye majani, halafu unayamwaga. Mchwa na kuvu wanayala majani kiangazi kizima, kidogo kidogo, na wadudu wengine wasioonekana wanakaa udongoni wakisubiri maji. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi kavu, wote wanaamka pamoja, wengine wanakufa pamoja, na kilichomo ndani yao kinayeyuka. Ile rangi ya chai ni kaboni ya majani iliyoyeyuka majini. Lakini haisafiri peke yake. Imeshikana na naitrojeni, imebeba fosforasi na chumvichumvi nyingine ambazo mpunga unazililia. Sehemu kubwa inakamatwa na udongo wa msituni na kurudishwa kwenye miti. Inayobaki inateremka. Na watu wa kwetu, bila kitabu, walikuwa wamejenga kingo mahali hasa inapoteremkia, na kuilaza siku kadhaa ili tope nalo likamate lake.

Nilikuwa nimechimba mfereji wa kumwaga mbolea ya kijiji kizima mtoni. Na lawama nilikuwa nimeimwaga kwa shangazi.

Sasa nitasema jambo ambalo linaniuma kuliko mfereji. Kosa la mfereji lilikuwa la kutojua. Nilichofanya mwezi wa kumi na moja nilikifanya nikijua.

Nilikusanya watu nikawaambia mfereji umemaliza kazi yake, udongo umeshasafishwa, sasa tuuzibe. Tukauziba. Watu walikuwa wameshatafuta mbegu nyingine. Fundi baiskeli alikuwa amepakia magunia mawili kutoka upande wa ziwani, safari ya siku kadhaa, na wengine walipata kwa jamaa zao huku na huku. Maji ya chai yakaingia, yakalala. Mpunga ukaota vizuri mno, na kijiji kikasema: mtaalamu aliona mbali, mbegu ndiyo ilikuwa shida. Nilipigiwa vigelegele. Mwenyekiti alisema nipewe kuku. Nilimpokea yule kuku, nikamla.

Shangazi alipanda mbegu yake mwenyewe kwenye jaruba lake dogo. Mimi pia niliipanda, kwenye jaruba nililopewa na kijiji, lakini sikumwambia mtu ni mbegu gani. Kabla ya msimu nilikuwa nimekwenda kwake kuichukua.

"Unataka mbegu iliyochoka?" aliniuliza.

"Nataka kuifanyia utafiti, shangazi."

Alipanda ngazi mwenyewe, akanishushia debe. Alilikata juu kwa kiganja. Nilitazama darini nikaona vikapu vya mbegu ya akiba ya miaka iliyopita vimejaa mpaka kwenye paa. Mwaka ule hakuna aliyekuja. Mwezi wa kumi na mbili ulipita na watu walipita mlangoni kwake wakiwa na haraka zao.

"Mimi nitakula tu," alisema alipoona natazama. "Mbegu ni wali pia."

Mbegu ikiliwa haipo tena. Nilijua hivyo kuliko yeye, nina stashahada ya kujua hivyo. Mpunga ule ulikuwa umechaguliwa na mama yake na bibi yake kwa ajili ya maji yale. Kwenye miche ya ziwani niliona majani yakirefuka haraka na kulala chini kwa sababu chakula kilizidi, nikajua baada ya miaka michache watu wangeihitaji ile ya zamani na wasingeipata. Niliyajua yote hayo nikiendelea kuamkiwa kwa kusimama.

Nilivuna magunia mengi kuliko jirani yeyote. Hilo nalo nalisema bila haya. Nikaamua wakati umefika wa kuwalipa wale saba, na nilipanga kufanyaje? Kwa siri. Nitapita nyumba kwa nyumba, niweke debe mlangoni na kilima chake, na kwa kila mmoja ninong'one kidogo juu ya mbegu. Hivyo ningekuwa nimesema, na hakuna mkutano.

Nilianza na fundi baiskeli. Alikuwa ameipindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu. Nilimwekea debe, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba huu ni mpunga wa shangazi, kwamba mbegu haikuwa na kosa, mfereji ndio ulikosea.

Alilisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Mfereji ulijichimba?"

"Mimi ndiye niliyekosea."

"Mwaka jana ulisema uwanjani, kila mtu anasikia mpaka watoto. Leo unaninong'oneza hapa kama unaniuzia kitu cha wizi. Chukua debe lako."

"Ni deni lako, kaka."

"Najua ni langu. Nitalichukua palepale ulipomtupa shangazi yako." Akaanza kuzungusha gurudumu tena. "Na mimi niliendesha baiskeli mpaka ziwani, mjinga mimi. Kitako kiliniuma mwezi mzima kwa ajili ya stashahada yako!"

Alicheka, lakini hakikuwa kile kicheko nilichokiogopa miaka yote. Kilikuwa kifupi na hakikunifurahisha wala kunitesa. Nilibeba debe nikaondoka nalo kichwani, mimi mtaalamu, na viatu vyangu vya ngozi.

Jumapili baada ya ibada nilimwomba katekista anipe nafasi uwanjani. Nilikuwa nimeleta magunia kwa mkokoteni wa ng'ombe. Watu walidhani nagawa zawadi, wakakaa vizuri. Nilitoa kopo la kisima na kopo la chai, miche yake imeshakauka lakini tofauti inaonekana hata kwa asiyeona vizuri, nikayaweka chini. Nikasema niliyoyasema. Nilisema nilipima maji na sikupima akili yangu. Nilisema niliona mpunga wa katekista siku ileile ya mkutano, kabla sijasimama kusema ni mbegu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyekuwa akiijua.

Mama mmoja, yule wa ungo uliobaki na punje za kiganja, akasema, "Kumbe ulijua." Neno hilo bado nalisikia.

Nikaanza kulipa. Mjomba, aliyeniambia nishike jembe, ambaye mwishowe naye alinikopesha debe, alipokea lake bila kunitazama usoni. Wengine watatu wakafuata. Katekista alipopokea mawili yake aliuliza kwa sauti, "Hii ni ya kula au ya kupanda?"

"Ni ya shangazi," nikajibu. "Hiyo muulize yeye."

Wote wakageuka upande wa wanawake. Shangazi alinyanyuka polepole, akaja mpaka kwenye magunia. Alichota mkono mmoja, akapuliza, akaangalia kilichobaki. Fundi baiskeli alikuwa amesimama nyuma yangu na debe tupu.

"Mna mapepe humu," shangazi akasema. "Hukupepeta vizuri, baba. Hii mtu hawezi kupanda."

Aliomba ungo. Ukaletwa. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akaupita mkono wangu kana kwamba haupo. Akaketi chini palepale uwanjani, akaanza kupepeta, na kila alipomaliza ungo mmoja alimwaga punje nzito kwenye debe la aliyekuwa mbele yake. Fundi baiskeli alikuwa wa kwanza. Katekista akarudisha yake ipepetwe upya. Halafu mjomba. Manne yake mwenyewe shangazi aliyapima mwisho, akayawekea kilima yeye mwenyewe, mimi nimesimama nimeshika gunia tupu.